Mtu wa Zizi Moja

Mume wangu Kipketer alinyongwa kwa sababu ya risasi mbili zilizopatikana mfukoni mwa koti lake. Bunduki hakuwa nayo. Hakuwahi kuwa na bunduki tangu arudi kutoka vita vya Burma, na hata huko Burma, kama nilivyokuja kusimuliwa na mwenzake aliyekwenda naye, kazi yake ilikuwa kuchunga nyumbu wa jeshi. Sasa niambie, mtu anatembea na risasi bila bunduki kwa nini? Ni sawa na kubeba ufunguo wa nyumba ambayo haijajengwa. Huyo ndiye aliyesema atawatoa wazungu wote kuanzia Molo mpaka Naivasha. Nilimpikia, nikalifua hilo koti lake, najua ninachosema.

Walimnyonga Nairobi na kumzika huko huko jela, bila kaburi la kuonyeshwa mtu. Mimi nilibaki hapa shambani, kwenye barabara ya kutoka Molo kwenda Olenguruone, nikichuma pareto ya mzungu kama nilivyokuwa nikiichuma kabla ya huo ukombozi wake. Miaka ikapita na hakuna aliyekuja kuniuliza habari zake. Jina lake lilitajwa kwa kunong'ona, kama jina la ugonjwa. Halafu mwaka huu wa hamsini na tisa mkaza mwanangu Chepkemoi akajifungua mtoto wa kiume, na ghafla kila mtu akakumbuka kwamba mimi ni mjane wa mtu.

Lazima nieleze, maana siku hizi hata watoto wetu waliosoma misheni wanajifanya hawajui. Kwetu sisi Wakipsigis mtoto haji peke yake. Mmoja wa wafu wa ukoo wa baba yake hurudi ndani yake, na ni kazi ya wanawake wazee kujua ni nani. Siku ya kuita jina tunakaa ndani ya nyumba, tunamtia mtoto ugoro kidogo puani, na mama wa baba yake anaita majina ya wafu, mmoja baada ya mwingine. Jina atakalolipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Tunacheka, tunapiga vigelegele, na yule aliyekuwa amekufa amepata tena mahali pa kukaa.

Lakini si kila mfu anaitwa. Mchawi haitwi. Aliyelaaniwa na ukoo haitwi. Huyo anabaki huko nje na fisi mpaka asahaulike, na hapo ndipo mtu anapokufa kweli. Kipketer alikuwa hajawahi kuitwa kwa mtoto yeyote, kwa sababu hakuna mwanamke wa ukoo aliyethubutu. Mtoto huyu wa Chepkemoi alikuwa mjukuu wake wa kwanza, na mwitaji nilikuwa mimi, mke wake. Kama mimi nisingemwita, nani mwingine angemwita? Kila mtu alilijua hilo, na ndiyo maana wiki ile watu ambao hawakuwa wakinijulia hali waliijua njia ya kuja kwangu.

Nianze na alichokifanya, ili usije ukadhani nina chuki ya bure.

Kipketer alirudi kutoka vitani na koti refu la kijeshi na maneno mengi. Koti lilikuwa zuri. Maneno yalianza polepole, kwenye pombe, kisha akaanza kusimama juu ya mkokoteni wa maziwa siku za mapumziko na kuwahutubia watu wa laini, yaani sisi wote tulioishi kwenye vibanda vya wafanyakazi. Wakati ule wazungu walikuwa wanatuletea mikataba mipya: fanya kazi siku nyingi zaidi, fuga ng'ombe wachache zaidi. Kipketer akawaambia watu wasitie kidole gumba. Hilo lilikuwa jambo la akili, sitamnyima. Watu wengi hawakutia, kuanzia hapa mpaka Njoro, na kwa msimu mmoja wazungu walihangaika kama kuku mwenye yai.

Angeishia hapo tungekuwa tunamwimbia nyimbo. Lakini Kipketer hakuwa mtu wa kuishia mahali. Akasema mzungu anatuweza kwa sababu kila mtu ana ng'ombe wake na hofu yake. Akasema ardhi haina ukoo na ng'ombe hana kabila. Akasema tuwaweke ng'ombe wote pamoja, wa Mkipsigis na wa Mkikuyu na wa Mluhya, wa tajiri na wa mjane, tuwapandishe msitu wa Mau kabla ya serikali kuja kuwahesabu na kuwapunguza, na kila nyumba ikamue kwa zamu kulingana na watoto ilio nao. Aliita jambo hilo zizi moja. Watu wakawa wanamwita hivyo: mtu wa zizi moja. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, yeye akataka kuwaweka mafahali wa laini nzima.

Na ujue sisi na ng'ombe wetu tukoje. Ng'ombe wa mtu hawakai nyumbani kwake wote. Unampa rafiki yako wa mbali ng'ombe wawili akutunzie, naye anakunywa maziwa, na wewe unatunza wa rafiki mwingine, hivyo ugonjwa ukija au wezi wakija huwezi kumalizika siku moja. Urafiki wa namna hiyo unarithiwa na watoto. Kipketer akawaambia watu waende wakawachukue ng'ombe wao kwa marafiki. Baba zao walikuwa wametumia maisha yao kuwatawanya ng'ombe, yeye akawakusanya kwa mwezi mmoja, na kila ng'ombe aliyetolewa kwenye boma la rafiki aliacha adui nyuma yake.

Alisema pia wanawake watakuwa na sauti ndani ya zizi moja. Nikamwambia sauti ninayo tayari, ninachotaka ni kuni. Akacheka. Alikuwa anacheka sana kila nilipomtukana, hilo ndilo lililonichosha zaidi. Sikumbuki kama niliwahi kumwita jina lake tupu. Chakula kikiiva nilisimama mlangoni nikapaza sauti, "Wewe mjinga Kipketer, njoo ule," na laini nzima ikasikia, naye angeacha mkutano wake katikati ya ukombozi na kuja.

Aliwachukua na ng'ombe wangu wawili niliopewa na baba. Hakuniuliza. Nadhani sauti yangu ilikuwa bado haijafika zamu.

Wakawapandisha ng'ombe msituni juu ya Olenguruone mwanzo wa mvua. Mtu aliyechunga nyumbu wa jeshi hakujua, au alijua akapuuza, kwamba ng'ombe wa nyasi fupi hawezi baridi ya kule, na kwamba kupe wa msituni hana siasa. Ndigana ikawaingia. Walikufa wakiwa wamesimama, wakafa wakiwa wamelala, na waliobaki serikali ikawachukua. Kipketer alishuka na ndama mmoja shingoni, mtamba mwekundu, wote wawili wakitetemeka. Laini nzima ilitoka kumwangalia. Mimi nilijua angalau huyo mmoja atakuja kwetu. Akapita mlangoni pangu, akaenda kumpa Wangare, mjane wa Kikuyu aliyekaa kibanda cha mwisho, eti kwa sababu ana watoto wadogo watatu. Mimi pia nilikuwa na mtoto. Aliitwa Micah, na alikuwa amesimama hapo hapo akiangalia.

Baada ya hapo ikaja Hali ya Hatari, Wakikuyu wakapakiwa kwenye malori na kurudishwa kwao, Wangare na watoto wake wakiwemo, na Kipketer akaingia msituni na wachache waliobaki kumfuata. Alifika nyumbani mara moja tu baada ya hapo, jioni ya mvua, amekonda, akaniuliza kama kuna chakula. Nikamwambia mjinga kama yeye anastahili majani. Nikaweka maji ya ugali motoni. Maji hayajachemka mbwa wakabweka huko kwa nyapara, akaondoka na njaa yake. Wiki iliyofuata walimkamata karibu na Elburgon, na risasi zake mbili.

Sasa tuje kwa waheshimiwa wangu waliokuja wiki ile ya jina.

Wa kwanza alikuwa arap Tuwei, binamu yake Kipketer, ambaye ndiye mzee wa ukoo kwa upande wetu huu. Alikuja na fimbo na vijana wawili wa kumsindikiza hatua chache kutoka kwake. Tuwei alipoteza ng'ombe katika zizi moja, ni kweli, wanne, nakumbuka nilipowaona wakipita. Lakini ng'ombe wa Tuwei ni wa ajabu, wanazaa wakiwa wamekufa. Mwaka uliofuata, kwa maneno yake, walikuwa saba. Mwaka Kipketer aliponyongwa walikuwa kumi na mmoja. Safari hii alipokaa kwenye kigoda changu na kukohoa walikuwa wamefika ishirini, na nadhani mimi nikifa watakuwa wamejaa bonde lote mpaka ziwani Nakuru.

Akaniambia ukoo hauwezi kumpokea mtu aliyevunja urafiki wa baba zetu. Akaniambia mtoto aitwe Kosgei, baba mkwe wangu, mtu mpole ambaye hakuwahi kugombana na mzungu na alipewa kiti cha mbao na blanketi alipostaafu. Nilimkumbuka Kosgei. Alikuwa mpole kama kile kiti. Tuwei alisahau kunieleza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akishangilia kuliko wote mbele ya ule mkokoteni, na kwamba aliwapeleka ng'ombe wake kwa hiari, akiwa ameshiba pombe niliyopika mimi. Alisahau pia jambo la ndama, lakini hilo nitalirudia.

Wa pili alikuwa mwanangu Micah. Micah ni dereva wa trekta, anasali misheni, anavaa soksi. Si mtoto mbaya, ila amejifunza kuinama hata mahali ambapo dari liko juu. Alikuja jikoni kwangu, akasimama, hakukaa.

"Mama, usimwite huyo mzee," akasema. "Bwana ameniahidi unyapara. Akisikia hiyo jina iko kwa nyumba yangu, kesho tutalala barabarani."

Nikamuuliza kama mzungu naye siku hizi anakuja kusikiliza chafya za watoto wetu. Akasema watu wanapeleka maneno. Hapo alikuwa na haki, kwa sababu mpelekaji maneno mkubwa wa shamba hili ni arap Tuwei. Kisha akasema kitu ambacho hakuwahi kukisema tangu awe mkubwa. "Alimpa Wangare ndama. Mimi nikakunywa uji ya maji mwaka mzima. Sitaki kumuona tena, mama, hata kwa sura ya mtoto yangu."

Sikuwa na dharau ya kumpa kwa hilo. Nilimpa viazi, akala.

Wa tatu sikumtarajia. Alikuja na lori la pareto kutoka Nakuru, kijana wa Kiluhya mwenye viatu vya kung'aa na kamera shingoni, jina lake Wasike, karani wa reli na katibu wa chama cha siasa cha wilaya. Aliniletea ratili mbili za sukari. Aliniita mama wa taifa, na wakati huo alikuwa hajamfukuza hata kuku mlangoni ili apite. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma tangu saa nne mpaka jua likawa utosini.

Wasike alikuwa na Kipketer mwingine kabisa. Kipketer wake aliitwa Jenerali. Kipketer wake alikuwa na bunduki, tena ya rashasha, na aliwahi kuvamia kituo cha polisi na kutoka bila mkwaruzo. Ng'ombe wa zizi moja hawakufa kwa ndigana, waliuawa na mabeberu kwa sumu. Nilimwacha aseme. Nilimuuliza alimjua wapi mume wangu, akasema hakupata bahati hiyo, alikuwa bado shuleni. Akasema tarehe fulani kutakuwa na mkutano mkubwa uwanjani Nakuru, na kwamba akisimama na kutangaza Jenerali amerudi ndani ya mjukuu wake, watu watalia. Alihitaji picha ya mimi na mtoto.

"Mama, hii jina si ya boma moja tena," akaniambia. "Ni ya watu wote. Historia itamkumbuka."

"Historia ndiyo nani?" nikamuuliza. "Ina miguu ya kwenda mtoni?"

Akacheka akidhani ni mzaha wa kizee. Nikaipokea sukari yake, kwa sababu sukari haina hatia.

Baada ya hao watatu nilikaa nikafikiri, na uamuzi wangu ulikuwa rahisi. Sitamwita. Si kwa ajili ya ng'ombe wanaozaliwa kaburini wa Tuwei, wala kwa ajili ya unyapara wa Micah. Kwa ajili yangu. Nilikuwa nimechoka na Kipketer. Nilimlea mara moja mtu mzima mwenye koti, sikuona sababu ya kuanza tena na nepi. Kama alitaka sana zizi moja, akakae huko nje na fisi wote kwa pamoja, wagawane. Nilijisemea hivyo nikaona nimesema vizuri, ila usiku sikupata usingizi mzuri, nikawalaumu viroboto.

Siku ya kuita jina ilikuwa asubuhi ya jua, pareto imefunguka nyeupe mpaka msituni. Ndani ya nyumba ya Chepkemoi tulikuwa wanawake wa ukoo, na mwenye ugoro alikuwa Jerop, dada mkubwa wa Kipketer. Jerop ana meno matatu na haogopi mtu. Tangu kaka yake anyongwe hakuwahi kusema neno lolote juu yake, si zuri si baya, na wiki ile ndiye peke yake ambaye hakuja kuniomba kitu. Nje ya mlango walikaa arap Tuwei na wazee wenzake kwenye vigoda. Micah aliegemea trekta lake. Wasike, ambaye hakualikwa na mtu, alikuwa anapangusa kamera.

Nikamchukua mtoto mapajani. Alikuwa na kichwa kikubwa na uso wa mtu anayedai haki yake. Jerop akamtia ugoro kidogo puani kwa ncha ya kidole, nami nikaanza.

Nikamwita Kosgei. Huko nje nikasikia kigoda cha Tuwei kikilia, alivyosogea kusikiliza. Mtoto akaniangalia. Nikarudia Kosgei mara ya pili, kwa heshima zote za kile kiti na lile blanketi. Mtoto akapiga mwayo.

Nikamwita Boit, ndugu yake Kosgei, aliyekuwa hodari wa mizinga ya nyuki. Nikamwita babu yao. Nikamwita yule wa ukoo aliyekufa kwa ndui, na yule aliyezama mto Molo, na mmoja ambaye hakuna anayekumbuka alifanya nini isipokuwa kwamba alikuwa mrefu. Jerop akaongeza ugoro. Chepkemoi akapiga chafya. Mwanamke aliyekaa karibu nami akapiga chafya mara mbili. Nyumba nzima ilikuwa inapiga chafya isipokuwa mwenye jina.

Mwanzoni tulicheka. Kisha tukaacha. Mtoto akiyakataa majina yote watu husema hana mtu, amekuja mtupu, na mtoto wa namna hiyo hakai sana. Hakuna aliyelitamka hilo, lakini Chepkemoi alianza kulia polepole, mikono yake kifuani. Ni mtoto wake wa kwanza. Nikarudia majina tena kutoka juu, nikaongeza hata ya watu ambao siku nyingine nisingewapa maji ya kunywa. Jasho lilikuwa linanitoka. Jerop alikuwa ameshika kibuyu chake cha ugoro, ananiangalia mimi, wala si mtoto.

Mtoto naye akakunja uso, akafunga mdomo, akanikazia macho vile vile kama mtu anayengoja umalize kusema ili aendelee na lake. Uso huo niliujua. Niliutazama miaka mingi ng'ambo ya sufuria. Hasira ikanipanda.

"Mbona unamtesa mama yako?" nikamwambia. "Una kichwa ngumu kama yule mjinga Kipketer."

Akapiga chafya.

Haikuwa chafya ya kitoto. Ilimtikisa mwili mzima, miguu ikaruka, na ugoro ukanirukia usoni. Hakuna aliyepiga kigelegele. Wanawake walinitazama midomo wazi. Halafu akapiga tena, ya pili, kana kwamba kuna aliyeuliza.

Mlango ukatiwa kivuli. Arap Tuwei alikuwa amesimama hapo, mahali ambapo mwanamume hatakiwi kusimama siku hiyo, fimbo mkononi. Akasema hilo halihesabiwi. Akasema kuita ni kuita, na tusi ni tusi, mwanamke amemtukana tu marehemu, hakumwita. Akatuamuru tuanze upya kutoka kwa Kosgei. Nyuma yake nilimwona Micah ametoka kwenye trekta, na kamera ya Wasike ikiwa juu.

Nilitaka kukubali. Naapa, nilifungua mdomo nikubali, kwa sababu ndicho nilichokuwa nimeamua na Tuwei alikuwa amenifungulia njia. Lakini Jerop aliweka kibuyu chini.

"Chelangat," akasema, "huyu kaka yangu, wakati alikuwa hai, ulikuwa unamuita chakula namna gani?"

Nikampangusa mtoto pua.

"Shamba nzima ilikuwa inasikia," akasema Jerop. "Hujawahi kumuita namna ingine. Angejuaje ni yeye, kama ungemuita kwa heshima?"

Mwanamke mmoja akacheka kwa pua. Kisha mwingine. Kisha wote wakawa wanacheka na kulia kwa ugoro, vigelegele vikapasuka hapo ndani mpaka kuku wakakimbia, na mimi nikainamia kile kichwa kikubwa, nikaona machozi yangu yanadondoka juu yake. Sina cha kuficha. Nilimlilia yule mjinga hapo, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu wamnyonge. Alikuwa ametafutwa kwa majina yote ya watu wa maana, akangoja tusi langu.

Tuwei alikuwa bado mlangoni anagonga fimbo, anasema ukoo utakaa, anasema ng'ombe zake. Hapo nikainua uso.

"Tuwei, ile ng'ombe nyekundu ya kwako imetoka wapi?" nikamuuliza.

Akaacha kugonga fimbo. Kila mtu pale alijua. Wangare alipopandishwa kwenye lori na watoto wake, mtamba mwekundu alibaki amefungwa nyuma ya kibanda, na kabla vumbi la lori halijatulia Tuwei alikuwa ameshamfungua kamba. Sasa mtamba huyo ni ng'ombe mzee, na kila kichwa kilicho kwenye zizi la Tuwei leo kimetoka tumboni mwake. Ndiye ng'ombe pekee wa zizi moja aliyerudi hai kwenye laini yetu, amebebwa shingoni mwa mtu ambaye Tuwei anataka akae na fisi.

"Maziwa uliyokunywa leo asubuhi ni ya Kipketer," nikamwambia. "Toka kwa mlango ya wanawake."

Akatoka. Wasike akajaribu kuingia mahali Tuwei alipotoka, akiomba picha moja tu, ya Jenerali na mama wa taifa, nikamwambia hapa hakuna jenerali, kuna mtoto mwenye ugoro puani, na kama anataka kumpiga picha mtu wa reli ya Nakuru akajipige mwenyewe. Najua atasema uongo wake uwanjani hata bila picha. Aseme. Watu watalia, watarudi makwao, na hakuna hata mmoja atakayempa mjane ndama.

Micah alibaki. Alikuwa amesimama pale nje, kofia mkononi, soksi zimeshuka, na uso wake ulikuwa wa yule mtoto aliyemwangalia baba yake akipita mlangoni na ndama shingoni. Alijua unyapara umekwenda. Tuwei alikuwa ameshashika njia ya nyumba kubwa ya mzungu, tulimwona kwa macho, anakwenda upesi kuliko alivyowahi kwenda kwenye kazi.

Nilitoka na mtoto. Kwa desturi yetu, yule aliyeitwa na kuitika si mjukuu tu. Nilimnyooshea Micah blanketi la mtoto na aliyekuwa ndani yake.

"Shika baba yako," nikasema.

Aliitazama ile njia ya nyumba kubwa, nikafikiri ataondoka, na kama angeondoka nisingemlaumu. Kisha akaweka kofia juu ya tairi la trekta, akapokea. Alimshika vibaya, kama dereva anavyoshika kitu kisicho na usukani, na yule mtoto akakunja uso, akafungua mdomo, akaanza kulia kwa sauti iliyofika mpaka laini ya mwisho. Alikuwa na njaa. Aliondoka nayo ile jioni ya mvua, na amerudi nayo.

Nikamwita Chepkemoi aje ampe huyo mjinga maziwa.